Chafya ya Mjukuu wa Sita

Kogo Chepkorir, yaani Bibi Chepkorir, alikuwa na sumaku kichwani, na hakuna mtu Boito nzima ambaye hakuwa ameonyeshwa. Aliporudi kutoka hospitali mwaka jana alizunguka nayo nyumba hadi nyumba. Anachukua pini ya nywele, anaiweka nyuma ya sikio la kulia, juu kidogo, anaiachilia, na pini inabaki pale pale imeng'ang'ania ngozi. Watoto wa Sunday school walipiga mayowe. Mchungaji alisema ni maajabu ya Mungu kupitia mikono ya madaktari, kisha akauliza kama anaweza kujaribu na kijiko.

Sumaku yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa chini ya ngozi pamoja na kimashine kidogo chenye uzi uliopenyezwa hadi ndani kabisa ya sikio, na kazi yake ilikuwa kushikilia kitu kingine cha nje, kitufe cha mviringo cha rangi ya kahawia, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kitufe hicho ndicho kilichosikia kwa niaba yake. Kikiwa kichwani, Chepkorir alisikia hata maziwa yakiingia kwenye ndoo. Kikitoka, alikuwa kiziwi wa kutupwa.

Na uziwi aliujua vizuri, kwa maana alikaa nao miaka saba. Ulianza polepole, akawa anasema watu wa siku hizi hawafungui midomo, mpaka siku moja mvua ya mawe ilipoangukia mabati na yeye akaendelea kulala. Vile vifaa vya kawaida vya kuwekwa sikioni vilishindwa. Basi katika miaka ile saba akawa bingwa wa uwongo mmoja tu, uwongo wa kuitikia kwa kichwa. Mtu akisema neno, yeye huinamisha kichwa na kusema, "Ehe, kweli." Wenzake wakicheka, anacheka. "Umesikia, Mama Kip?" "Nimesikia." Kwa njia hiyo alikubali kupika kwenye harusi mbili za siku moja, moja Boito na nyingine kule Ndanai, na hadi leo watu wa Ndanai hawajamsamehe.

Hayo yote aliyacheka. Kitu ambacho hakuweza kukicheka kilikuwa wajukuu.

Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wanawake wazima wa ukoo hukaa kumzunguka na kumwitia majina ya jamaa waliotangulia, moja baada ya jingine. Ugoro kidogo hupitishwa karibu na pua, kidogo sana, wa kumsaidia tu. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi ndilo, yule aliyetangulia amerudi nyumbani na watu wanashangilia. Mchungaji anajua jambo hilo linafanyika, na siku hiyo huwa ana shughuli kwingine.

Wajukuu watano wa Chepkorir walizaliwa ndani ya miaka ile saba. Mara tano alikaa pale ukingoni, wifi yake akiita majina kwa niaba yake, na mara tano alijua chafya imepigwa kwa kuona wenzake wameruka. Naye aliruka, lakini nyuma yao kidogo. Furaha zote tano zilimfikia kwa kuchelewa, na kila mara alirudi nyumbani akalia chooni ili Isaiah, mume wake, asimwone.

Sasa mjukuu wa sita alikuwa amezaliwa Alhamisi, msichana. Majina yangeitwa Jumamosi saa tisa alasiri, na safari hii mwenye kuita angekuwa Kogo Chepkorir mwenyewe, na kitufe chake kichwani.

Mama wa mtoto alikuwa Molly, na mama wa Molly alikuwa Beldina Amondi, rafiki mkubwa wa Chepkorir. Beldina alitoka kando ya ziwa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha chai, akasimama mbele ya mashine za kukata majani kwa miaka ishirini na saba. Mbele ya mashine zile hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hivyo wafanyakazi wana lugha yao ya mikono. Ngumi juu ya kiganja maana yake simamisha. Vidole viwili chini ya jicho, mkubwa anakuja. Kiganja kikipepea mbele ya mdomo, huyu anadanganya. Chepkorir alipoanza kuwa kiziwi, majirani walimpigia kelele na watoto wake wakamwandikia vikaratasi, lakini Beldina alikuja na mikono yake ya kiwandani na kumfundisha yote. Walikuwa wakikaa jikoni saa nzima bila sauti, wakicheka mpaka machozi. Watoto wao, kwa kutumwa nyumba hii na ile na bakuli za sukari, wakapendana na kuoana, na tangu hapo marafiki hao wawili wakaitana pamwai, yaani mzazi wa mkwe wangu.

"Lakini huyu mtoto tayari ana jina," Beldina alisema Jumamosi hiyo asubuhi, wakiwa shambani. "Amezaliwa alfajiri. Kwetu, msichana wa alfajiri ni Amondi. Kama mimi. Imeisha hiyo. Hakuna haja ya kupigisha mtoto chafya na tumbaku, yawa!"

"Ataitwa vile atapigia chafya, pamwai."

"Atapiga chafya nikisema Amondi."

"Wewe hutasema kitu. Wewe utakaa kando ukule."

Mnaweza kuuliza bibi wa miaka sabini alikuwa anatafuta nini kwenye chai siku kubwa kama ile. Isaiah aliuliza. Alijibiwa kwamba majani yamekomaa, na lori la kiwanda likipita Jumamosi halirudi tena kituoni mpaka Jumanne. Ukweli ni kwamba Chepkorir hangeweza kukaa nyumbani. Furaha ilikuwa imemjaa hata miguuni. Tena alipenda kusikia chai ikichumwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba majani mawili na chipukizi yakivunjika hutoa mlio, na baada ya miaka saba ya kimya aliona ni dhambi kuukosa.

Alichuma kama alivyofundishwa na mama yake, kikapu mgongoni, mikono miwili mbele, na kila konzi ikijaa anairusha nyuma juu ya bega. Vijana wa siku hizi huvaa mfuko wa neti ubavuni na kutumbukiza majani humo. Chepkorir aliuona mtindo huo kuwa wa watu wa kununua viazi sokoni. Yeye alirusha juu ya bega la kulia bila kuangalia, na hakuna jani lililoanguka.

Mtaalamu wa masikio kule hospitalini, msichana mpole sana, alikuwa amemweleza kila kitu kuhusu kitufe. Usioge nacho. Usilale nacho. Kiweke kwenye chaji kila usiku. Hata alimpa kikamba chembamba cha kukifunga kwenye nguo kisipotee, na Chepkorir akasema yeye si mbuzi, akakitia kikamba kabatini. Hata kitambaa cha kichwa alikifunga nyuma kabisa, kisiguse kitufe, maana kilikuwa kinachakacha. Kitu kimoja tu mtaalamu hakusema, kwa sababu hakuwa mtu wa chai. Hakumwambia asirushe majani juu ya bega la kulia.

Saa nne hivi, katikati ya mstari, kimya kikaingia.

Hakushtuka. Betri ilikuwa imemfanyia hivyo mara mbili wiki hiyo, kwa sababu ya furaha za mtoto alikuwa akisahau kuichaji. "Imelala tena," alimwambia Beldina, na Beldina akamjibu kwa mikono, utaichaji nyumbani. Vidole vyake vilikuwa vimejaa utomvu, hakutaka kujigusa kichwa. Akaendelea kuchuma, kikapu kikajaa, wakakipeleka kituoni, karani akapima, majani yakamwagwa kwenye magunia na lori likaondoka. Chepkorir akarudi nyumbani akiimba bila kujisikia.

Isaiah alikuwa mlangoni na kichaji mkononi. Chepkorir akapeleka mkono nyuma ya sikio. Akapapasa. Akapapasa sikio la pili, ambalo halikuwa na chochote hata siku ya kwanza. Akavua kitambaa, akakikung'uta. Akavua sweta.

"Kiko wapi?" aliuliza kwa sauti iliyofanya kuku wakimbie.

Isaiah alianza kusema jambo refu, naye akamwangalia midomo bila kushika kitu. Beldina ndiye aliyemtafsiria kwa mikono. Baba Kip anasema betri haikuisha. Anasema alikichaji yeye mwenyewe usiku, kikajaa.

Chepkorir akakaa kwenye ngazi. Aliuona mkono wake ukienda juu, ukirudi, ukienda juu. Mara elfu ngapi asubuhi ile? Kitufe hakikuzima. Kilizolewa na mkono wake mwenyewe pamoja na majani, kikarushwa kikapuni, kikapimwa, kikapandishwa lori. Wakati huu kilikuwa barabarani kuelekea kiwandani, kikisikiliza injini peke yake.

Kuna watu ambao wangelia hapo. Chepkorir alilia baadaye kidogo, ndani ya gari, kwa sababu Beldina alikuwa tayari amesimama katikati ya barabara akizuia pikapu ya Ratemo, yule wa kukusanya maziwa.

"Geuza gari!" Beldina alisema. "Tunaenda kiwanda."

"Mama, mimi ninaelekea chini..."

"Masikio ya pamwai wangu imeenda na lori ya chai, na saa tisa anatakiwa kusikia mtoto. Unageuza ama hugeuzi?"

Ratemo aligeuza. Nani asingegeuza? Mabibi wawili walikaa mbele wamebanana, Isaiah akapanda nyuma katikati ya makopo matupu, na safari nzima makopo yakagongana kwa fujo ambayo Chepkorir peke yake hakuisikia. Alikuwa anaangalia mashamba ya chai yakipita, kijani kibichi hata kinaumiza macho, na alikuwa na hofu. Kupata kitufe kingine kungechukua miezi. Mtoto hangengoja miezi. Angepewa jina leo, kwa sauti ya mtu mwingine, na yeye angeruka tena akiwa amechelewa. Machozi yakatoka. Beldina akaachilia dashibodi, akaweka ngumi juu ya kiganja: simamisha hiyo.

Kiwandani, ghorofa ya kunyausha majani ilikuwa chini ya Momanyi, mwanamume mnene wa Kisii ambaye Beldina mwenyewe alimfundisha kazi akiwa bado kijana mwembamba. Kila akimwona Beldina alisimama wima kama yuko shuleni.

"Majani ya kituo chetu iko wapi?" Beldina aliuliza bila hata salamu.

"Trafu ya saba, madam. Tumetandaza sasa hivi."

Trafu ni kitanda kirefu cha waya, urefu wake kama wa kanisa la Boito kutoka mlango hadi madhabahu, na majani hulazwa juu yake yapepewe na feni kutoka chini mpaka yalegee. Trafu ya saba ilikuwa imejaa kilo mia kadhaa za majani, yote yakifanana. Kutafuta kitufe cha kahawia mle ndani kwa mikono kungechukua mpaka jioni, na saa ilikuwa saba na nusu.

Momanyi alielezwa, akajikuna. "Madam, usiogope sana. Mwisho wa laini tuko na masumaku makubwa. Ile ya kutoa misumari na wembe kwa chai. Hiyo kitu kama iko na sumaku itashikwa pale."

"Mwisho wa laini ni baada ya mashine za kukata, Momanyi."

"Eeh."

"Kwa hivyo itashikwa ikiwa unga."

Momanyi alikubali kwamba ingekuwa unga.

Chepkorir alikuwa amesimama pembeni akiangalia midomo yao. "Anasema nini?" aliuliza. Beldina akamweleza kwa mikono, haraka haraka: mwisho wa laini, kisha ngumi mbili zikagongana na kukataa kuachana. Sumaku.

Chepkorir aliziangalia ngumi zile. Kisha akapeleka mkono nyuma ya sikio lake la kulia, pale palipokuwa panashika pini na kijiko cha mchungaji.

"Sumaku?" alisema. "Si mimi niko nayo?"

Wote wakamwangalia.

"Kwa kichwa! Si iko hapa! Hiyo kitu inanitafuta vile mimi ninaitafuta! Nipandisheni!"

Jambo la kwanza Momanyi alilosema, na historia ya kiwanda hicho imkumbuke kwa hilo, ni kwamba hakuna mtu anaingia kwenye majani bila wavu wa nywele. Chakula ni chakula. Basi bibi akanawishwa mikono mpaka kwenye viwiko, akavalishwa koti jeupe lililomfika miguuni na wavu mwembamba kichwani. Feni ikazimwa. Isaiah akamshika kiuno, Ratemo akashika mguu, na Kogo Chepkorir, mama wa watoto wanne na nyanya wa wajukuu sita, akapandishwa juu ya trafu ya saba, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akakichomeka ndani ya majani.

Alianza mwisho mmoja na kwenda taratibu, kichwa kulia, kichwa kushoto, kama ndama anayetafuta titi. Majani yalikuwa baridi na yalimwingia shingoni. Yalinukia mvua. Hakuona kitu na hakusikia kitu, alikuwa na ngozi ya kichwa tu. Wafanyakazi wa trafu ya sita na ya nane waliacha kazi wakaja. Mmoja alitoa simu apige video, Momanyi akaichukua na kuitia mfukoni, kisha akasahau na kuanza kushangilia yeye mwenyewe. Isaiah alitembea kando ya trafu akiwa ameshika viatu vya mke wake kifuani.

Robo ya trafu. Nusu. Kitu kikamgusa, moyo ukaruka, ilikuwa kijiti. Magoti yakaanza kuuma. Alifikiria mtoto, pua ndogo ile, na akasukuma kichwa ndani zaidi, mpaka waya ukamkwaruza. Robo tatu.

Tak!

Kitu kilimrukia nyuma ya sikio. Sekunde moja hakukuwa na lolote. Halafu dunia ikafunguka.

Kwanza yalikuwa majani, yakichakacha pande zote, makelele matamu ambayo hajawahi kuyasikia. Kisha feni za trafu nyingine. Kisha watu. Na juu ya yote sauti moja, karibu sana na kichwa chake, sauti ya mwanamke anayeomba kwa macho yaliyofungwa.

"...Nyasaye, wewe unaniona, mimi sio mtu wa kuomba sana. Patia huyu mama kitu yake. Ukimpatia, mimi naachana na mambo ya Amondi. Naachana kabisa. Mtoto aitwe jina lolote ya Kipsigis, hata ikiwa ndefu kama barabara ya kwenda Chepseon. Sitasema kitu. Nitakaa kando nikule..."

Mtu mwaminifu angeinua kichwa hapo. Chepkorir alikibakiza ndani ya majani, mabega yakimtikisika.

"...na ile sufuria kubwa yake, ile nilisema ilipotea, iko kwangu. Nitarudisha. Na nisamehe ile siku nilicheka vile anaimba kwa kanisa..."

"Ulicheka vile naimba?" Chepkorir aliuliza kutoka ndani ya majani.

Beldina alipiga yowe lililosimamisha hata trafu ya kumi. Chepkorir akainuka, majani yakiwa masikioni, kwenye nyusi, hata mdomoni, na nyuma ya sikio la kulia, juu ya wavu, kitufe cha kahawia kikiwa kimekaa sawasawa kama hakijawahi kutoka nyumbani. Kiwanda kilipiga makofi. Isaiah akanyoosha mikono kumkumbatia na viatu vikaanguka ndani ya chai, na Momanyi akaanza upya kuhusu chakula ni chakula. Chepkorir na Beldina wakakumbatiana juu ya ukingo wa trafu, wakicheka na kulia kwa wakati mmoja, hata haikujulikana nani anafanya lipi.

"Nimesikia yote," alisema kwenye pikapu, makopo yakigongana nyuma yao. Alikuwa anafurahia makopo pia. "Amondi imeisha. Na sufuria inarudi."

"Ahadi ya kiwandani haihesabiwi, pamwai. Pale kuna makelele."

"Feni ilikuwa imezimwa."

"Yawa, hii masikio yako! Ningekuacha nayo kwa majani!"

Walifika saa tisa na dakika ishirini. Wanawake walikuwa wamekaa chumbani kwa Molly, wifi yake Chepkorir tayari ameanza kusafisha koo, kwa maana mtu akichelewa si lazima mambo yachelewe. Chepkorir aliingia na koti jeupe la kiwanda, wavu kichwani na majani mawili na chipukizi kwenye kola. Hakueleza. Alinawa, akavua wavu kwa uangalifu, mkono mmoja ukiwa umekandamiza kitufe, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akaomba aletewe kile kikamba cha mbuzi. Akafungwa. Isaiah akaachwa mlangoni pamoja na mwanawe Kipkemboi, baba wa mtoto, mahali pa wanaume.

Akamchukua mtoto. Alikuwa mwepesi, mwekundu, amekunja uso kama karani. Akasikia akipumua. Hilo peke yake lingetosha, na kama mambo yangeishia hapo asingenung'unika. Ugoro ukapitishwa. Chumba kikanyamaza, na safari hii kimya kilikuwa cha watu wote, si chake peke yake.

"Tabutany," aliita.

Mtoto alipiga miayo.

"Taplelei."

Hakuna kitu. Beldina, pale kando, alifunga midomo yake kwa vidole aonyeshe anavyotimiza ahadi.

"Tapsabei," aliita Chepkorir. Huyo alikuwa marehemu mama yake Isaiah, mwanamke mkali aliyemfundisha kukamua.

Pua ndogo ilijikunja. Mdomo ukafunguka. Halafu ikatoka, chafya ndogo kavu, yenye ncha mwishoni, haina hata ukubwa wa kijiti kikivunjika. Aliisikia ikianza. Aliisikia ikiisha. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeisikia kabla yake, na mwili wake uliruka wa kwanza kabisa, kabla ya wifi, kabla ya wote. Baada yake ndipo vigelegele vikapasuka, na mlangoni Isaiah akaita jina la mama yake kwa sauti iliyokatika.

"Tapsabei! Ni Tapsabei! Umesikia, Mama Kip?" wifi yake alimuuliza, akimtikisa bega. "Umesikia?"

Chepkorir alimwangalia mtoto. Miaka saba alikuwa amewajibu watu swali hilo kwa uwongo uleule, na jibu la kweli sasa lilikuwa pale kwenye ulimi.

"Sijasikia," alisema. "Sijasikia vizuri. Hebu turudie."

Chumba kikapoa. Wanawake wakaangaliana kwa huruma, maskini, na ile mashine yote, hata baada ya operesheni. Wifi akauliza kama labda yeye aite. Chepkorir akatikisa kichwa kukataa, uso wake mnyofu kama wa mtu anayepokea ushirika.

Beldina peke yake ndiye aliyemwona akiruka wa kwanza. Aliinua kiganja chake taratibu na kukipepea mbele ya mdomo. Huyu anadanganya.

Chepkorir hakupepesa macho.

Mkono wa Beldina haukushuka. Ulikunja ngumi, kisha vidole vikafunguka juu polepole, kama jua likitoka. Katika lugha ya kiwandani hiyo ni ishara ya shifti ya alfajiri, na katika lugha ya kando ya ziwa ilikuwa na maana moja tu. Ninyamaze, na jina la pili ni Amondi, ama niseme?

Chepkorir alifikiria kwa sekunde moja. Kisha, chini ya blanketi la mtoto, mahali ambapo pamwai wake tu angeona, akainua kidole gumba.

"Leteni ugoro tena," alisema, akamsogeza mtoto karibu zaidi na sikio lake la kulia. "Tunaanza mwanzo. Tabutany..."